Chipu isiyopimika haijakamilika

Mwaka 2021 wahandisi wa Facebook walichapisha taarifa kuhusu prosesa iliyokuwa ikikosea hesabu kimyakimya. Ilipotakiwa kukokotoa 1.1 kwa kipeo cha 53 na kutoa namba nzima tu, ilijibu sifuri, ilhali jibu sahihi ni 156. Kwa kipeo cha 52 ilijibu 142, na hapo ilikuwa sahihi kabisa. Tatizo lilikuwa kwenye kiini kimoja tu kati ya viini vingi vya prosesa hiyo, na hesabu ya namna hiyo ilikuwa ikitumika kujua ukubwa wa mafaili yaliyobanwa kabla ya kufunguliwa. Faili likisomeka kuwa na ukubwa wa sifuri, mfumo huliona tupu na kuliacha, kwa hiyo mafaili yenye data halisi yakawa yanapotea. Mashine haikuzima wala haikutoa onyo lolote, na ilichukua uchunguzi mrefu kumnasa mkosaji. Mwaka huohuo wahandisi wa Google nao waliandika kwamba katika kila maelfu kadhaa ya mashine zao hukuta viini vichache vyenye tabia hiyo.

Visa hivi vimetoka kwa kampuni zenye wataalamu wengi na fedha nyingi za kuchunguza. Chipu nyingi duniani hazina mchunguzi wa namna hiyo. Zimo ndani ya mita ya umeme ya kulipia kabla, ndani ya simu inayotuma fedha za ada ya shule, ndani ya mashine inayopima mapigo ya moyo ya mgonjwa, na ndani ya breki za basi la mikoani. Zikikosea, anayeumia ni mtu asiyejua hata kwamba zipo. Ndiyo maana nashikilia kwamba uwezo wa kupimwa ni sehemu ya chipu yenyewe, sawa na uwezo wake wa kukokotoa, na kwamba mbunifu asiyeuweka tangu kwenye mchoro wa kwanza hajamaliza kazi yake, hata kama chipu inawaka na kufanya alichoahidi.

Kuna makosa ya aina mbili ambayo watu huyachanganya. Aina ya kwanza ni kosa la mchoro. Mwaka 1994 Profesa Thomas Nicely wa chuo cha Lynchburg, Virginia, aligundua kwamba prosesa ya Pentium ya Intel inakosea kugawanya baadhi ya namba. Chanzo kilikuwa nafasi tano za jedwali la ndani ambazo hazikuwa na thamani zilizostahili. Chipu zote zilizotokana na mchoro ule zilikuwa na kosa lilelile, na Intel ikalazimika kutenga dola milioni 475 kwa ajili ya kashfa hiyo. Aina ya pili ni kosa la kiwandani, ambapo mchoro ni sahihi lakini chembe ya vumbi imetua pasipotakiwa, waya umekatika, au nyaya mbili zimegusana. Kosa la mchoro ukiligundua kwenye chipu moja umeligundua kwenye zote, lakini kasoro za kiwandani hutofautiana kutoka chipu moja hadi nyingine, na kwa sababu hiyo kila chipu lazima ipimwe peke yake. Prosesa ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista 2,300. Apple M1 ya mwaka 2020 ina bilioni 16. Kiwanda chochote, hata kiwe safi kiasi gani, hakiwezi kutengeneza vitu bilioni 16 mara milioni kadhaa bila kuharibu hata kimoja. Kwa hiyo chipu zenye kasoro hutengenezwa kila siku, na kazi iliyobaki ni kuzibaini kabla hazijatoka kiwandani.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini kila chipu isijaribiwe kwa kila kazi inayoweza kupewa. Tuchukue saketi ndogo mno, ile inayojumlisha namba mbili zenye biti 32 kila moja. Michanganyiko ya namba inayoweza kuingia ni 2 kwa kipeo cha 64, yaani zaidi ya bilioni 18 mara bilioni moja. Mashine inayojaribu michanganyiko bilioni moja kila sekunde, bila kupumzika usiku wala mchana, ingemaliza kazi hiyo baada ya miaka 584 hivi. Na hiyo ni saketi ya kujumlisha tu, isiyo na kumbukumbu. Prosesa inakumbuka ilichofanya awali, kwa hiyo jibu lake la sasa linategemea historia yake yote, na idadi ya hali za kujaribu hukua kupita kiasi cha akili kuielewa. Kungoja chipu ikamilike ndipo utafute namna ya kuipima ni kujiingiza kwenye hesabu usiyoweza kuimaliza.

Njia ya kutokea ilianza kuonekana mwaka 1959, pale Richard Eldred alipopendekeza swali tofauti. Badala ya kuuliza kama mashine inajumlisha vizuri, tuulize kama kila waya ndani yake unaweza kuwa 0 na unaweza kuwa 1. Waya ulioharibika mara nyingi hujionyesha kana kwamba umeganda kwenye thamani moja. Chukua kipande kidogo kabisa cha saketi chenye njia mbili za kuingilia na moja ya kutokea, ambacho hutoa 1 pale tu zote mbili zinapokuwa 1. Michanganyiko iko minne, lakini mitatu inatosha kukimaliza. Ingiza 1 na 1: jibu likiwa 0, kuna waya ulioganda kwenye 0. Ingiza 0 na 1: jibu likiwa 1, basi ama njia ya kwanza ama ya kutokea imeganda kwenye 1. Ingiza 1 na 0, nawe umeipima njia ya pili. Kipimo cha nne hakina jipya la kutuambia. Ukiurudia mtindo huu kwenye saketi nzima, idadi ya vipimo hushuka kutoka mabilioni ya mabilioni hadi maelfu tu. Mwaka 1966 J. Paul Roth wa IBM alichapisha kanuni inayoiwezesha kompyuta kuvitafuta vipimo hivyo yenyewe, na warithi wa kanuni hiyo ndio wanaotumika viwandani hadi leo.

Lakini mbinu hiyo ina masharti mawili. Lazima uweze kuufikia waya kutoka nje na kuuweka kwenye thamani unayotaka, na lazima matokeo yake yaweze kutoka nje uyaone. Chipu ina pini mamia au maelfu machache, nayo mabilioni ya transista yako nyuma yake. Fundi anayejenga nyumba huweka chemba kwenye kila kona ya bomba la majitaka, kwa sababu anajua siku bomba likiziba, asiye na chemba atavunja sakafu ya nyumba nzima. Mwaka 1977 Edward Eichelberger na Thomas Williams wa IBM walichapisha utaratibu wa kuziweka chemba za aina hiyo ndani ya chipu. Kila seli inayohifadhi biti moja hupewa njia ya pili ya kuingilia. Katika kazi ya kawaida seli hupokea biti kutoka kwenye saketi inayoitangulia, lakini katika hali ya kupimwa hupokea kutoka kwa seli jirani, na seli zote zikawa mnyororo mmoja mrefu. Mpimaji husukuma biti anazotaka kupitia mnyororo huo mpaka kila seli ipate yake, huiacha chipu ifanye kazi kwa pigo moja la saa, kisha huzivuta biti zote nje na kuzilinganisha na majibu yanayotarajiwa. Mashine iliyokuwa na historia isiyofikika ikageuka msururu wa saketi fupi zinazopimika moja moja. Mnyororo wa seli 100,000 unaosukumwa kwa kasi ya biti milioni 50 kwa sekunde hujaa kwa milisekunde mbili, na ukiugawa katika minyororo mia inayosukumwa pamoja, muda huo hugawanyika kwa mia vilevile.

Jambo la kuzingatia ni kwamba hakuna hata kimoja katika hivi kinachoweza kuongezwa baada ya chipu kutengenezwa. Mnyororo ule lazima uwepo kwenye mchoro. Ndivyo ilivyo pia kwa vifaa vingine vya kujipima. Sehemu za kumbukumbu, ambazo huchukua eneo kubwa la chipu nyingi za kisasa, huwekewa kisaketi kinachoandika na kusoma kila seli kwa mpangilio maalumu, na kikikuta safu mbovu huielekeza kazi yake kwenye safu ya akiba. Chipu ambayo ingetupwa ikaokolewa. Kwenye bodi, pale ambapo chipu zilianza kubandikwa juu ya bodi na baadaye pini kufichwa chini ya tumbo la chipu, sindano za kupimia hazikuwa na pa kugusa tena. Kundi la makampuni lilianza kukutana mwaka 1985 kutafuta suluhu, na mwaka 1990 likazaa kiwango cha kimataifa kinachojulikana kwa jina la JTAG. Nyaya nne tu zinatosha kuzungumza na chipu zote za bodi moja, hata kama zimetoka kwa watengenezaji tofauti. Washindani walikubaliana kwa sababu bodi isiyopimika ilikuwa hasara kwao wote.

Tuje kwenye takwimu, maana hapo ndipo hoja hii inapopata uzito. Mwaka 1981 Williams huyohuyo na mwenzake Brown walitoa kanuni rahisi inayohusisha mambo matatu: sehemu ya chipu zinazotoka kiwandani zikiwa nzima, sehemu ya kasoro zinazoweza kunaswa na vipimo, na sehemu ya chipu mbovu zinazompita mpimaji na kumfikia mteja. Tuseme nusu ya chipu ni nzima, jambo linaloweza kutokea kwa chipu kubwa yenye teknolojia mpya. Vipimo vinavyonasa asilimia 95 ya kasoro vinasikika kuwa vizuri, lakini kwa kanuni hiyo chipu 34 katika kila 1,000 zilizouzwa zitakuwa mbovu. Panda hadi asilimia 99.9, na mbovu zinashuka hadi takriban 7 katika kila 10,000. Hata hapo kazi haijaisha. Magari mengi ya kisasa hubeba chipu 1,000 au zaidi. Kama kila chipu ina uwezekano wa 7 kwa 10,000 wa kuwa mbovu, karibu nusu ya magari yatatoka kiwandani yakiwa na angalau chipu moja yenye kasoro. Ndiyo sababu watengenezaji wa magari huhesabu chipu mbovu kwa kila milioni, wala hawaridhiki na hesabu ya kila elfu. Asilimia hizo za mwisho, zinazotenganisha gari salama na gari la hatari, hazipatikani kwa kununua mashine kubwa zaidi ya kupimia. Zinapatikana pale tu mchoro wenyewe unaporuhusu kila kona ifikike na ionekane.

Pingamizi la kwanza ni la gharama, na ni la haki. Vifaa vya kupimia huchukua nafasi kwenye silikoni, mara nyingi asilimia kadhaa ya eneo lote, na ile njia ya pili kwenye kila seli huchelewesha mawimbi kidogo. Katika biashara inayoshindania kila sehemu ya milimita na kila sehemu ya sekunde, hiyo ni bei halisi. Lakini lazima iwekwe kwenye mizani pamoja na bei ya upande wa pili. Mashine za kupimia chipu hugharimu mamilioni ya dola na kila sekunde ambayo chipu inakaa juu yake inalipiwa, hivyo mchoro unaopimika haraka hurudisha gharama yake kiwandani humohumo. Zaidi ya hapo, wahandisi wana kanuni ya uzoefu inayosema kwamba kasoro inayokamatwa hatua moja baadaye hugharimu mara kumi zaidi: kutoka chipu hadi bodi, kutoka bodi hadi kifaa, kutoka kifaa hadi mikononi mwa mteja. Mzani huo haujaweka bado thamani ya mgonjwa wala abiria. Anayesema kupima ni ghali huwa amehesabu gharama ya kiwandani pekee, na iliyobaki amemwachia mnunuzi ailipe.

Pingamizi la pili ni la usalama, nalo ni zito zaidi. Mlango unaomwezesha mpimaji kusoma kila seli humwezesha na mwizi pia. Mwaka 2004 watafiti walionyesha jinsi ufunguo wa siri wa mfumo wa usimbaji uitwao DES unavyoweza kuchomolewa kupitia minyororo ileile ya kupimia, na milango ya JTAG iliyoachwa wazi imewasaidia wadukuzi wa vifaa vingi tangu hapo. Wapo wanaohitimisha kwamba ni heri chipu ya benki au ya kadi ya simu isiwe na mlango kabisa. Hitimisho hilo silikubali. Mficha maradhi, kifo humuumbua: chipu ya usimbaji yenye kasoro isiyogundulika inaweza kutoa namba za siri zinazokisiwa kirahisi, na mwenye akaunti hatajua mpaka fedha zimetoka. Dawa ni mlango wenye kufuli. Mchoro unaweza kulazimisha siri zote zifutwe kabla chipu haijaingia hali ya kupimwa. Unaweza kudai nywila kabla ya mnyororo kufunguka, au kuchoma fyuzi inayoufunga mlango moja kwa moja baada ya vipimo vya kiwandani. Unaweza pia kuiacha chipu ijipime yenyewe na kutoa nje muhtasari mfupi tu, usiobeba siri yoyote. Kila moja ya njia hizi ni uamuzi wa mbunifu, tena wa mapema. Milango inayopitiwa na wezi mara nyingi ni ile iliyowekwa bila kufikiriwa na kuachwa wazi baada ya kazi kwisha.

Pingamizi la tatu linatoka kwenye mfano wangu mwenyewe wa mwanzo. Prosesa zile zilizokosea kwa Facebook na Google zilitoka kwa watengenezaji wanaozijua mbinu zote hizi na kuzitumia. Zilipimwa na zikafaulu. Je, hilo halionyeshi kwamba kubuni kwa ajili ya kupima kumeshindwa? Linaonyesha kwamba kipimo cha siku moja hakitoshi kwa maisha ya miaka kumi. Wazo la waya ulioganda ni kielelezo tu, na kasoro halisi ni nyingi kuliko kielelezo hicho. Nyingine hazikatizi waya bali huuchelewesha, na hujitokeza kwenye joto fulani au volti fulani pekee. Nyingine hazikuwepo siku ya kupimwa, zimezaliwa na uchakavu. Jibu la hali hiyo ni kuipa chipu uwezo wa kujipima tena na tena ikiwa kazini. Kwenye magari safari hiyo imeshaanza: kiwango cha ISO 26262, kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2011, kimezisukuma chipu za breki na usukani kuwa na saketi za kujikagua, na nyingi hufanya hivyo kila gari linapowashwa. Kampuni za seva nazo sasa zina programu za kuzipima mashine zao zikiwa kwenye huduma. Yote haya yanategemea milango iliyoachwa na mbunifu, na pale ambapo hakuiacha, hata mwenye nia njema na fedha hana pa kuingilia.

Pingamizi la mwisho linatuhusu moja kwa moja. Utasikia kwamba mambo haya ni ya Taiwan na California, na kwamba sisi wa Afrika Mashariki ni wanunuzi tu. Hali inabadilika kuliko wengi wanavyodhani. Nyeri, katika eneo la Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kuna kampuni ya Semiconductor Technologies Limited inayojishughulisha na sekta hii. Tangu mwaka 2020, Google na kiwanda cha SkyWater cha Marekani walipoweka hadharani kanuni za kuchorea chipu za teknolojia ya nanomita 130, mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida na intaneti anaweza kuchora saketi halisi kwa programu za bure. Na kilichokuwa kimepungua kwenye programu hizo za bure kilikuwa hasa kitu hiki tunachokizungumzia, yaani zana ya kuingiza minyororo ya kupimia na kutafuta vipimo. Pengo hilo lilizibwa na Waafrika: Chuo Kikuu cha Marekani cha Cairo kilitengeneza zana iitwayo Fault, inayopatikana bure kwa yeyote. Hakuna tena kisingizio cha kumfundisha kijana wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala kuchora chipu bila kumfundisha kuipima.

Hatari ya wanaoanza ni kuona somo hili kama pambo la mwaka wa mwisho, la kugusiwa iwapo muda utabaki. Kijana anayezoea kwa miaka mitatu kwamba saketi ikijibu sawa kwenye kompyuta kazi imekwisha hatabadilika kwa mihadhara miwili ya kufungia muhula. Aidha, sisi ndio tunaopaswa kujali zaidi. Anayeuziwa kifaa mbali na mtengenezaji wake, katika nchi ambako kukirudisha kiwandani ni ndoto, hana budi kutaka kifaa kinachoweza kujieleza kinapougua. Wanaoandaa zabuni za mita za umeme, vifaa vya hospitali na mifumo ya malipo wanaweza kuuliza swali moja zaidi: kifaa hiki kinajipimaje kikiwa kazini, na kikijikuta na kasoro kinamwambia nani? Muuzaji aliyebuni vizuri atajibu kwa aya moja. Asiye na jibu atakuwa amejieleza vya kutosha.

Kwa vyuo vyetu ombi ni dogo na linatekelezeka kuanzia muhula ujao. Mchoro wa saketi wa mwanafunzi, hata ule wa kwanza kabisa wa kuhesabu kutoka sifuri hadi tisa, usipokelewe bila takwimu inayoonyesha ni asilimia ngapi ya kasoro zake zinaweza kunaswa, na maelezo ya zile zisizoweza kunaswa. Takwimu hiyo ihesabiwe kwenye alama sawa na kasi na ukubwa wa saketi. Atakayelelewa hivyo, siku akiajiriwa kuchora chipu ya mita au ya mashine ya hospitali, hatahitaji kukumbushwa na mtu.